Simu ya Mtu Si Ngoma

Wifi kumsifu mke wa kaka yake mbele za watu ni jambo adimu, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize, maana sirudii. Mawifi tuna sifa yetu duniani na sikatai kwamba tumeichuma kwa jasho. Tunaonja mchuzi tukanyamaza. Tunapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Tunauliza kwa upole wa kinafiki, hivi huyu mtoto kafanana na nani? Kazi hiyo niliifanya kwa bidii tangu siku kaka yangu alipooa. Nilimtafutia mkewe kasoro mpaka macho yakaniuma, nikaambulia moja tu: ana utaratibu wa kukera. Akifunga mlango, anausukuma kuhakikisha, anaondoka hatua mbili tatu, anarudi kuusukuma tena. Nikambatiza jina la Mama Taratibu, likamganda, na kaka yangu siku hizi analitumia akidhani ni la mapenzi.

Tunaishi nyumba moja. Mbele ipo saluni yangu ya kusuka, nyuma anaishi kaka yangu, ambaye ni fundi wa lifti, na mkewe na watoto wao. Chumba cha katikati, chenye mlango wa kutokea kila upande, ni cha baba yetu. Baba alikuwa mwashi, tena mwashi wa kutafutwa. Kuta nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Sasa ana kisukari, na kumbukumbu imeanza kumkimbia. Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, na mimi naitika, nitafanyaje?

Wateja wangu walikuwa wakiniuliza wifi yako anafanya kazi gani, nikawajibu, "Anakaa na kompyuta," kwa sauti ya mtu asiyetaka swali la pili. Ukweli ni kwamba sikuwa nikielewa. Nilichojua ni kwamba kampuni yao ina programu ya simu inayowaunganisha wagonjwa na maduka ya dawa. Unayetumia dawa kila siku, inakukumbusha. Dawa iliyoadimika ikipatikana, simu yako inalia hata kama umeiweka mfukoni na hukuifungua, na juu ya kioo kinachomoza kidirisha: dawa yako imefika. Vile vidirisha wao wanaviita arifa. Arifa hizo ndizo ugali wake, kwa maana ya kazi yake inayomlisha. Simu zenyewe hazigusi. Anashughulika na seva, ile kompyuta ya mbali isiyolala, inayoamua nani aambiwe nini na wakati gani.

"Yaani wifi," nilimwuliza siku moja akiwa chini ya mikono yangu nikimsuka, "unabonyeza kitufe, watu wanapata meseji, unalipwa?"

"Ingekuwa kubonyeza kitufe, ningekuwa nakuja kusukwa kila siku."

Akanieleza taratibu, kama kawaida yake, huku shingo imepinda. Kila simu yenye programu yao hupewa anwani yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Seva yake inazitunza anwani hizo. Mtu akibadilisha simu, au akiifuta programu akaiweka upya, anwani ya zamani inakufa, na yeye wifi asipoiondoa atakuwa anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Tena seva yake haimfikii mtu moja kwa moja. Inaukabidhi ujumbe kwa seva za wale wenye mifumo ya simu, na hao ndio wanaoufikisha.

"Wakishaupokea wananijibu, sawa, tumepokea. Watu wengi wa kazi yetu wanaishia hapo. Wanaandika kwamba umefika, wanakwenda kunywa chai. Lakini wifi, nikikupa salamu umpelekee mama yangu, ukaniambia nimesikia, mama amesikia?"

"Hajasikia."

"Basi ndiyo hiyo."

Kwa hiyo alijenga njia yake. Ujumbe ukitua kwenye simu, programu inarudisha alama kimya kimya hadi kwenye seva. Ambaye alama yake haijarudi, wifi anamhesabu hajapata, hata dunia nzima iseme kapata. Nilimwambia hiyo ni tabia ileile ya kusukuma mlango uliofungwa. Akacheka mpaka nikamvuta nywele bila kukusudia.

Hakuzaliwa kwenye kompyuta. Nilipomjua alikuwa mpokea simu wa duka kubwa la dawa, na sentensi aliyoisema kuliko zote maishani mwake ni "bado haijafika". Wengine hawakuwa na hela ya simu wala subira, walikuja wenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja wa matone ya macho aliyekuja kwa miguu akishikiliwa na mjukuu, akaambiwa bado, akarudi, akaja tena, akaambiwa yalikuja jana yakaisha. "Yule bibi alinisamehe palepale," wifi aliniambia, "na ndicho kilichonichoma." Akaanza kujifunza kuandika programu, mimba ya mtoto wa pili ikiwa imemfika kifuani, kompyuta kaiegemeza juu ya tumbo. Mimi nilikuwa nikipita dirishani kwake na kusema kwa sauti kwamba kuna watu wamechoka kuwa wanawake. Alisoma mpaka akajua.

Ofisi yao iko juu ya duka la matairi, na ukipanda ngazi harufu ya mpira inakusindikiza hadi kitini. Wako watatu. Yupo meneja, mtu mchangamfu aliyewahi kuuza sabuni na bado anaongea kama anauza sabuni. Yupo wifi yangu. Na yupo kijana mmoja wa miwani mizito anayetengeneza ule upande wa programu unaoonekana kwenye simu, ambaye jina lake halisi limesahaulika, anaitwa Soda.

Jina hilo lina kisa chake. Alipokuwa mgeni pale alitaka kujaribu kama arifa zinakwenda, akaandika upuuzi wa kwanza uliomjia: "Jaribu jaribu. Ukiipata hii kunywa soda." Alidhani anaituma kwenye simu yake peke yake. Akaituma kwa kila mgonjwa aliyemo kwenye seva. Simu zikalia mji mzima. Mama mmoja alifika dukani na chupa mkononi, akauliza kwa heshima kama dozi hiyo ni kabla ya kula au baada. Soda alijifungia chooni, akagoma kutoka. Meneja alikuwa anatafuta wa kumfukuza, na aliyestahili alikuwa mlango wa pili.

Wifi yangu alikwenda akaongea na mlango wa choo. "Mdogo wangu, toka. Kosa si lako peke yako. Mlango wa kujaribia na mlango wa wagonjwa ulikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyeuacha hivyo." Akatoka. Wakakaa pamoja wakaandika radhi fupi, wakaituma, kisha wakajenga mlango wa pembeni wa majaribio usioweza kufika popote ila kwenye simu zao. Na hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi yao ambayo wageni huicheka: hakuna arifa mpya inayotoka mpaka mtu ambaye hakuiandika aisome kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hata meneja husomewa. Hata kama ni maneno matatu.

Meneja naye aliwahi kuja na yake. Alitaka kila mgonjwa apate salamu ya asubuhi, na mchana tangazo la mafuta ya ngozi. "Simu tunazo mkononi," alisema, "tunaziachaje kimya?" Wifi hakubishana siku ile. Baadaye alimwita kwenye kompyuta, akamwonyesha hesabu za wiki moja ambayo salamu zilijaribiwa katika eneo dogo. Watu walikuwa wamezizima arifa, mmoja baada ya mwingine. Waliozizima hawakuzima salamu tu, walizima na zile za "dawa yako imefika".

"Bosi, simu ya mtu si ngoma, kwamba kila apitaye anapiga. Mtu ametupa ruhusa ya kumshtua akiwa amelala, anaswali, anazika. Tukimshtua kwa ajili ya mafuta ya ngozi, siku ya insulini hatageuka."

Meneja aliguna, akasema wewe mama ungeuza sabuni ungekufa njaa. Lakini salamu zikaisha.

Mimi pia nilikutana na ukuta huohuo. Nilipopanua saluni nilimwomba anitangazie, kitu kidogo tu, mara moja, kwa akina mama wa eneo hili. Nilimpikia kwanza, nikamsifia watoto. Akala, akashukuru, akasema haiwezekani, watu wale wametoa simu zao kwa ajili ya dawa. Nilimwita mchoyo. Nilimwita mchoyo hadi kwa mama yake mzazi. Sijaomba radhi na siombi, maana ndugu ni ndugu, lakini nataka ujue kwamba mwanamke huyu alikuwa na funguo za maelfu ya simu na hakuwahi kuzitumia hata kumtakia mumewe heri ya kuzaliwa.

Sasa nikueleze siku niliyomkubali.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kaka yangu alikuwa kazini, amekwama juu ya lifti ya jengo fulani, simu yake iko chini kwenye begi. Mimi nilikuwa na kichwa cha bibi harusi mkononi. Wifi alikuwa jikoni akimpakulia baba chakula. Baba alikwisha kuchomwa sindano ya insulini, kwa sababu huchomwa kisha anakula mara moja. Nani aliacha geti wazi? Hadi leo hakuna aliyekiri na mimi sitaanza. Wifi alikuja na sahani, akakuta kiti cha baba kitupu, na geti linayumba.

Kama hujawahi kuishi na mgonjwa wa sukari, nikueleze. Ile sindano inashusha sukari. Usipokula, inaendelea kushuka, na mtu anaanza kutetemeka, anachanganyikiwa, mwisho anaanguka. Baba alikuwa tayari amechanganyikiwa kabla ya yote hayo. Akianguka barabarani watu watamruka wakidhani mlevi. Nilimwacha bibi harusi na nusu ya kichwa, nikakimbia mtaani bila viatu, huku mawingu mazito yakikusanyika. Niliita, niliuliza, nilipiga magoti kuchungulia chini ya gari kama mwehu. Hakuna aliyemwona, isipokuwa muuza maji mmoja aliyesema mzee wa kofia nyeupe alipita karibu na kituo cha mafuta.

Niliporudi mbio, wifi alikuwa mezani, kompyuta imefunguka. Moyo ukatulia kidogo. Nikajua ameshatuma.

"Umetuma kwa watu wote?"

"Sijatuma bado. Na sitatuma kwa watu wote."

Damu ilinipanda, nikamtolea uvivu. Nilimwambia baba yake angekuwa ndiye, dunia nzima ingekuwa imeshalia. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Aliniacha nimalize, macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Wifi, wagonjwa wengi wako mbali na hapa, hawawezi kumwona. Nitawatisha bure. Watakaomwona ni wapeleka dawa wa pikipiki na wauzaji wa maduka ya upande huu, wako barabarani sasa hivi, na simu zao tunazitumia kwa kazi. Naomba ruhusa kwanza."

Akampigia meneja, akaweka sauti nje. "Bosi, mgonjwa wetu amepotea. Amechomwa insulini, hajala. Nataka kuwashtua wafanyakazi wa eneo hili."

"Mgonjwa gani?"

"Ni baba mkwe wangu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, sitaki nijiamulie."

Yule muuza sabuni hakutumia hata pumzi moja. "Tuma, mama. Tuma haraka, na mimi natoka na gari."

Akaandika. Mimi nikawa nimeinama juu ya bega lake namhimiza. Akamaliza, nikanyoosha mkono nibonyeze mwenyewe, akaushika mkono wangu. Akampigia Soda, akamtumia maneno yale ayasome. Nilitamani kuitupa ile kompyuta ukutani. Desturi ya ofisini, ya chooni, ya kipuuzi, na baba yangu anatembea kwenda kufa!

Soda alisoma kwa sauti, pumzi zinamkata, maana naye alikuwa na hofu. "Anatafutwa mzee, mgonjwa wetu. Shati la bluu, kofia nyeupe, ndara za kahawia. Ana kisukari, hajala, anasahau. Alionekana karibu na kituo cha mafuta." Kisha akauliza, "Sawa dada. Mimi ni mpeleka dawa. Nimemwona, huyu hapa mbele yangu. Nifanye nini?"

Tuliangaliana mimi na wifi. Hakukuwa na neno hata moja la kumwambia mtu afanye nini.

"Nimshike?" Soda akauliza.

"Usimshike!" nikapiga kelele. "Ukimshika mkono atapigana, atakimbia barabarani!"

Wifi akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Wifi, wewe ndiye bintiye, unamjua kuliko mimi. Mtu asiyemfahamu akikutana naye afanyeje?"

Na mimi, niliyekuwa nachemka, nikajikuta nafikiri. Jina lake siku hizi haliitikii. Lakini ukimwita Fundi, anageuka. Ukimwuliza jambo la ujenzi, anasimama palepale na kukujibu, na hataondoka mpaka amekufundisha. Niliyasema, naye akaandika nikiwa nasema. Soda akasoma tena: "Ukimwona usimshike. Mwite Fundi. Mwulize kama ukuta ulio karibu umenyooka. Mpe juisi au kitu kitamu, kaa naye, piga namba hii." Akashusha pumzi. "Sasa najua cha kufanya. Tuma."

Akatuma.

Nilikuwa sijawahi kuiona kazi yake ikitokea. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya watu wa eneo lile, na pembeni ya kila mmoja alama ilianza kuwaka kijani. Mmoja. Mwingine. Wawili kwa pamoja. Mtu huyu yuko kwenye foleni ya mafuta, huyu anahesabu vidonge nyuma ya kaunta, na mfukoni mwa kila mmoja jambo la baba yangu linatetemeka. Zikawaka zote. Wifi alifunika uso kwa viganja, na mimi, ambaye dakika chache nyuma nilikuwa nimemtukana, nikaweka mkono mgongoni kwake.

Simu iliita wakati matone ya kwanza ya mvua yanagonga bati. Alikuwa mwanamke anayeuza dawa karibu na soko. "Ninaye Fundi hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko na machozi. "Alikuwa amesimama nyuma ya duka letu, anatetemeka. Nikamwuliza, Fundi, ukuta huu umenyooka? Akaniambia umelala, na aliyeujenga alikuwa na haraka ya kwenda kula. Nimempa juisi, kamaliza, anataka kujua mwenye nyumba ni nani."

Nilikaa chini sakafuni, nikalia kama mtoto. Bibi harusi wangu alitoka saluni na nusu kichwa chake, akalia na yeye, bila kujua vizuri tunalilia nini.

Meneja alikuwa karibu, akampitia baba na gari lake. Nilisimama nikamvuta wifi. "Inuka twende getini, baba anakuja!"

"Nakuja. Kuna watu wako barabarani na mvua inanyesha." Alikuwa anaandika tena, na Soda alikuwa anasoma tena: "Fundi amepatikana, ni mzima. Acheni kumtafuta, rudini kwenye kazi zenu. Mungu awalipe." Aliutuma kwa namna ambayo ujumbe wa pili unakaa mahali pa ule wa kwanza na kuufuta, ili asiwepo mtu atakayefungua simu jioni akaanza kumtafuta mzee anayekoroma kitandani.

Baba alishuka kwenye gari la meneja kama balozi, akanilaumu kuwa chakula kimepoa. Tulimlisha. Sukari ilipimwa, ikawa inapanda vizuri. Kaka yangu akafika na grisi hadi masikioni, akasikia yote kwa mkupuo, akakaa pembeni ya baba na kumshika mguu, tu, mguu. Majirani wakajaa. Palikuwa na kelele za furaha. Wifi alikuja akampigia baba goti, akamshika mikono yote miwili, akaitazama kwa muda. Kisha nikamwona anarudi mezani.

"Sasa nini tena?" nikamwuliza.

"Bado mmoja."

Nikachungulia. Alama zote zilikuwa zimewaka isipokuwa moja. Mpeleka dawa wa upande wa bondeni. Ujumbe wa kumtafuta baba aliupata. Wa kuacha kutafuta, hakuupata. Wifi alipiga namba yake, haipatikani.

"Betri imemwishia," nikasema. "Mvua ikimchosha atakwenda kwake. Kwani mwehu?"

Meneja alikuwa anakula nyama ya mwisho ya sahani. Akatikisa kichwa. "Yule wenzake wanamwita Kobe. Polepole, lakini sijawahi kusikia karudi na mzigo ambao hajaufikisha."

Wifi alisimama. "Basi hatakwenda kwake. Tumemtuma kazi, na kazi yenyewe haipo." Akachukua mwavuli nyuma ya mlango. Gari la meneja lisingepita bondeni, njia zote za kule zilikuwa tope. Kaka yangu alitaka kwenda badala yake, akamwambia kaa na baba, baba anakuhitaji. Sijui ni kitu gani kilichoniinua. Nilijitanda kanga kichwani nikamfuata, nikilalamika njia nzima, kwa sababu mimi ni mimi.

Tulishuka bondeni viatu vikinyonywa na tope. Kila tulipouliza walisema ndiyo, yupo mwanamume mwenye pikipiki, amepita hapa, anauliza kama tumemwona mzee anayetazama kuta. Fundi viatu alisema kapita kitambo. Mwenye duka la vocha alisema kapita mara mbili. Mvua ilikuwa imetulowesha hadi mifupani, mwavuli mmoja watu wawili ni utani tu, na wifi hakuacha kutembea. Nilimtazama kwa nyuma, mwanamke mwembamba, kipindo cha nguo kimejaa tope, na nikaona kwamba nampenda. Nasema hivyohivyo kama nilivyoliona. Nampenda kuliko hata nilivyojua.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Kulikuwa na nyumba isiyokwisha, haina paa, pikipiki imesimamishwa nje na sanduku la dawa limefunikwa kwa koti lake, yeye mwenyewe yuko ndani ya mvua na shati. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Alikuwa anaingia chumba kimoja hadi kingine katika lile gofu, anaita kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Fundi! Fundi njoo unisaidie! Ukuta huu umenyooka?"

Wifi alisimama mlangoni. "Kaka!"

Akageuka, akajipangusa maji usoni. "Mama, msipite huku, kuna shimo. Samahani, hamjamwona mzee mmoja, shati la bluu?"

"Amepatikana. Yuko nyumbani, amekula."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyekutumia ule ujumbe. Nilituma na wa pili, wewe haukukufikia."

Alitoa simu mfukoni, akaitazama, nyeusi tii. Akacheka kidogo, akaegemea ukuta. "Ashukuriwe Mungu. Nilikuwa nawaza, usiku ukiingia itakuwaje." Kisha akatuangalia, wanawake wawili tunaodondosha maji kama nguo zilizoanikwa kambani. "Sasa kama amepatikana, mnamtafuta nani huku kwenye mvua yote hii?"

"Tunakutafuta wewe," wifi akamwambia, akaingia ndani ya gofu na kumfunika mwavuli.